Gari ya Kushukia Jabali

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa na robo alasiri, wiki ya kwanza ya likizo ya nusu ya mwaka wa skuli, wakati wa baridi. Saa naijua kwa sababu niliitazama kwenye dashibodi ya gari tuliyokwenda kuijaribu, nikaiandika kwenye daftari pamoja na kilomita zake. Gari yenyewe ilikuwa nyeupe, ya Kijapani, ya miaka tisa, na imeinuka sana hata bibi, mama yake baba, alipanda kwa mimi kumsukuma mgongoni, huku akiniambia nisimfanye gunia.

Tulikuwa wanne: mwenye gari, baba, bibi na mimi. Mama alibaki nyumbani Darsait. Gari ilikuwa ya kuendesha yeye, lakini alisema hana nguvu ya kuzunguka kutazama magari, yoyote tutakayomletea ataiendesha. Mama ni muuguzi. Mwezi uliopita alihamishiwa hospitali ya Jabal Akhdar, kule juu. Anapanda Jumapili, analala huko, anashuka Alkhamisi. Chini ya jabali kuna kizuizi cha polisi, na gari ambayo haivuti kwa magurudumu yote manne hairuhusiwi kupita. Yetu ni saluni ndogo, gari ya chini ya kwendea sokoni na skuli. Kwa hiyo mwezi mzima mama alikuwa akidandia gari ya mwenzake wa maabara, na akirudi anasema amechoka kuwa mzigo wa watu.

Baba alikuwa akiwaza kupanda tu: injini kubwa, nguvu, mipira mipya ya magurudumu. Mimi nilikuwa nikiwaza kushuka, kwa sababu ya jambo ambalo mama aliniambia jikoni na hakumwambia baba. Alinieleza kwamba barabara ile ikiteremka inateremka kweli, mpaka pembeni wametengeneza njia za kokoto za kukimbilia gari zilizoishiwa breki. Na majira haya ya baridi asubuhi maji yanaganda kando ya njia. Alisema kila wakishuka yeye huzihesabu zile njia za kokoto, na akishamaliza kuzihesabu ndipo anapovuta pumzi. Halafu akaniambia nisiseme.

Basi nikasoma. Mimi ni mtu wa aibu, darasani nikiulizwa jambo ninalolijua nanyamaza, lakini kusoma naweza. Siku mbili nilikaa na simu nikisoma gari ipi inafaa milimani na kwenye baridi. Niliandika kwamba mipira itazamwe mwaka iliotengenezwa, maana huku jua huizeesha hata ikiwa haijaisha. Niliandika kwamba ijaribiwe hita. Na kubwa kuliko yote, gia nzito ile ya polepole, ambayo hufanya injini yenyewe iizuie gari kwenye mteremko, breki zikapumzika. Taa yake ikitulia, gia imeingia. Ikipepesa, haijaingia.

Mwenye gari alikuwa mzee wa makamo, kanzu yake imepigwa pasi vizuri, na Kiarabu chake ni kile cha watu wa ndani, cha Nizwa na kwengineko, hata baba ilibidi amwombe arejee baadhi ya maneno. Tulikutana naye mtaa wa Ghala, penye magereji. Baba akapanda mbele, na jambo la kwanza alilofanya ni kufungua kiyoyozi mpaka mwisho na kutia mkono kwenye kila tundu. Akaridhika. Gari ya kwenda kwenye barafu, na baba anapima ubaridi wake. Nilimgusa bega nikamnong'oneza habari ya hita. Alipoifungua ilitoka harufu ya vumbi lililoungua, na bibi akauliza nani anachoma kunguru. Dhahiri ilikuwa haijawahi kufunguliwa tangu gari izaliwe. Lakini ilifanya kazi, nikaitilia alama.

Tukaingia kwenye wadi, bonde la mto mkavu, lililo nyuma ya magereji, lenye mawe na changarawe, na baba akashika usukani. Mzee alikaa pembeni yake akieleza kwa Kiarabu: hapa unatia dabal, magurudumu yote manne, khafifu kwa mchanga, hapa dabal thakili, ndiyo ile gia nzito, kwa jabali. Alizungusha kitufe kwenye thakili. Gari ikaenda, ikapanda kijilima, ikateremka. Baba akatabasamu.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma katikati, nikiona dashibodi yote. Taa ya kijani ilikuwa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika. Nilijua maana yake, na nikanyamaza. Sitafuti sifa hapa, nilinyamaza kwa muda mrefu. Nilikuwa nikitunga maneno ya Kiarabu kichwani, na kila nikiyapanga yanaanguka.

Bibi naye alikuwa hana aibu hata kidogo. Mzee alipokuwa akiisifu ile gari, jinsi alivyoilea, jinsi alivyoiweka kivulini, bibi akasema kwa Kiswahili, kwa sauti yake ya kawaida: "Msikilizeni anavyoisifu. Utasema anamuoza mwanawe."

Baba akacheka. Na mimi nikapata njia. Kiswahili ni lugha yetu ya nyumbani, bibi alikuja nayo kutoka visiwani. Tukiwa dukani tukitaka kusema kwamba kitu ni ghali, tunakisema kwa Kiswahili. Sijui kwa nini tunajiamini hivyo wakati nusu ya mtaa wetu wanakijua, lakini tunajiamini. Nikainama mbele nikasema yote kwa pumzi moja: "Baba, usiinunue. Ile taa inapepesa, gia nzito haijaingia. Huyu mzee anatudanganya."

Mzee hakugeuka. Aliendelea kutazama mawe ya mbele, akasema kwa Kiswahili safi kuliko changu: "Sikukudanganyeni, mwanangu. Miye mwenyewe sikujua kama haiingii. Na wewe mama, nimeoza wanne, wala sikumsifu hata mmoja namna hii."

Baba akasimamisha gari. Nilitamani kufungua mlango nirudi Darsait kwa miguu. Bibi ndiye aliyemgeukia.

"Kumbe mwenzetu," alisema. "Wa wapi?"

Wa Wete. Alitoka huko mdogo, akakulia Nizwa. Haikupita muda bibi alikuwa ameshamfikia shangazi yake yule mzee, kwamba alisoma chuo kimoja cha Kurani na dadaake bibi, na alikuwa na sauti nzuri lakini mchoyo. Mzee akakubali kwamba alikuwa mchoyo. Wakacheka wote watatu.

Na hapo ndipo khofu yangu ilipozidi. Kabla ya hapo baba alikuwa mnunuzi, sasa alikuwa mtu mwenye haya. Tumemtukana mtu mbele yake, na mtu mwenyewe ni wa kwetu. Baba akaanza kusema kwamba ni hitilafu ndogo, kwani dabal thakili nani anaitumia kila siku, itatengenezwa taratibu huko mbele, baina ya watu wa nyumbani hakuna tabu. Mkono wake wa kulia ulishatoka kwenye usukani. Baba akimpa mtu mkono, jambo limekwisha, harudi nyuma.

Safari hii hakukuwa na lugha ya kujifichia. Kila aliyekuwemo garini angenielewa. Nikasema, na sauti ilitoka ndogo: "Baba, mama atashuka nayo peke yake. Anaogopa kushuka. Aliniambia mimi."

Mkono wa baba ukarudi kwenye usukani. Aliniangalia kwenye kioo. Niliona amekasirika kidogo, ila sikujua amekasirikia nani. Mzee ndiye aliyesema twende kwa fundi sasa hivi, hata yeye hataki jina lake lishuke jabali bila breki.

Fundi alikuwa Mkenya, mwenye karakana mtaa wa pili. Aliinyanyua gari, akaingia chini yake na tochi, akagonga, akasikiliza. Alipotoka alimwuliza baba: "Bibi ndiye ataiendesha?"

"Miye?" bibi akasema. "Nna magoti haya, niendeshe jabali?"

Ilibidi baba aeleze kwamba kwa Wakenya bibi ni mke, na fundi akamwomba bibi msamaha huku akicheka. Kisha akaeleza kwamba kuna mota ndogo inayoisukuma ile gia ikae mahali pake, na mota hiyo imekufa kwa kutotumika. Kifaa hakipo, kitaagizwa, labda Jumatano, labda zaidi. Alimwambia baba bila kuzunguka: "Mzee, kwa barabara ya kawaida endesha tu. Kwa ule mlima, usimpe mtu wako hii gari leo."

Mzee wa Wete alisema atatia kifaa kwa gharama yake, na ikishatengenezwa tuje tuijaribu tena, tukiipenda tuichukue, tusipoipenda hatatugomba, tumeshakuwa kama watoto wa shangazi mmoja. Baba hakumpa mkono wa kununua. Alimpa mkono wa kuagana tu. Nilizitazama zile salamu kwa makini.

Tulifika nyumbani kabla ya magharibi. Nilikwenda moja kwa moja jikoni kwa mama, kwa sababu nilijua bibi akinitangulia atalisimulia yeye, kwa mapambo. Mama alikuwa akimenya kitunguu thomu. Nikamwambia kwamba nimetoa siri yake.

"Mbele ya mtu?" akauliza.

"Mbele ya mtu, na baba, na bibi."

Alimenya punje mbili tatu. Nilidhani atanigombeza. Akasema basi, lishasemwa, na pengine yeye asingelisema mpaka aingie kwenye kokoto. Baadaye nilimsikia baba akimwuliza mbona hakumwambia. Mama akajibu kwamba baba alikuwa na furaha sana kutafuta gari, yeye hakutaka kumharibia. Halafu akachukua simu akampigia yule mwenzake wa maabara, kuomba nafasi ya wiki moja zaidi.

Asubuhi yake tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, baba, mama na mimi, kwa ile saluni yetu, mpaka Birkat al-Mawz chini ya jabali. Kulikuwa na baridi ya kutosha kumfanya baba azime kiyoyozi. Gari ya yule mwenzake mama wa maabara ilikuwa inangoja karibu na kizuizi, wauguzi wawili nyuma wamejifunika mashali. Nilimbebea mama begi lake, nikalitia, naye akapanda. Kisha nikazunguka upande wa dereva, yule wa maabara. Alishusha kioo akidhani nimesahau kitu. Nikamwambia kwa Kiarabu, maneno niliyoyapanga njia nzima na hayakuanguka isipokuwa moja, kwamba Alkhamisi akishuka na mamaangu tafadhali atie thakili tangu juu, asingoje mpaka breki zinuke. Akaniangalia, akasema inshallah, binti, kila siku nafanya hivyo. Nikamwuliza kama taa yake huwa inatulia. Akaniambia inatulia. Nikamshukuru, nikarudi kwa baba, nikakaa mbele.