Peremende za Jumamosi

Conny Hedlund, dereva wa lori la magogo katika mji wa Ljusdal, alijipiga kifua kwa jambo moja: nyumbani kwake peremende zililiwa Jumamosi tu, kama alivyolelewa yeye, na kama baba yake alivyolelewa kabla yake. Tangu aachane na mkewe, binti yao Tindra alikaa kwake wiki moja, wiki ya pili kwa mama. Jumamosi ya zamu yake walikwenda dukani, wakachota peremende wakajaza mfuko, kisha wakajitupa kwenye kochi kugombania zile nyeusi zenye ladha ya chumvi. Ndiyo saa pekee Conny alipokuwa hana usingizi wala haraka.

Tindra alipotimiza miaka kumi na miwili, muuguzi wa shule alimpima, akamwita baba mtu.

"Uzito unapanda kasi mno. Mnakula nini?"

"Peremende Jumamosi tu, dada. Siku sita hagusi hata moja."

"Sijauliza peremende. Jioni mnakula nini?"

"Vya kawaida. Soseji na makaroni. Piza nikichelewa. Na juisi."

"Kila siku?"

"Naamka saa kumi alfajiri. Nitapika saa ngapi?"

Muuguzi akamwandikia mambo matatu: mboga kila jioni, maji badala ya juisi, na kutembea pamoja. "Jumamosi yenu msiiguse kwanza," alisema.

Sasa mtazameni mwanamume huyu. Hayo matatu yalitaka muda, na muda hakuwa nao. Kufuta Jumamosi hakukutaka hata dakika moja. Basi akaifuta.

"Hakuna tena, mwanangu. Ni kwa faida yako."

Tindra hakulia. Soseji ziliendelea, na piza, na juisi, na Jumamosi kila mtu akakaa chumbani kwake. Mezani Conny akaanza kumhesabia vijiko.

"Umeongeza tena?"

"Kidogo tu."

"Kidogo chako nakijua."

Alidhani anatania. Inauma kusema, maana hakuwa mtu mbaya. Alimwogopea mtoto wake, na woga ulimtoka mdomoni ukiwa dhihaka.

Baada ya miezi mitatu mizani ya shule ilionyesha kilo nne zaidi. Jumapili ya zamu kubadilika, Conny alimkuta Tindra akifunga begi kubwa la safari.

"Mbona hilo? Si unarudi wiki ijayo?"

"Sirudi, baba. Nimeshamwambia mama."

"Kisa peremende?"

"Mama naye hanipi." Alivuta zipu ikakwama, akaivuta tena. "Ila yeye ananitazama usoni. Wewe tangu siku ile unanitazama tumbo."

Conny alifungua kinywa akane, na papo hapo akajikuta macho yake yapo pale pale, kwenye tumbo la binti yake.

Tindra alimwona. Akavaa koti, akafunga vifungo vyote hadi shingoni, akatoka kwenda kumsubiri mama yake nje.