Majalada yaliyobaki kabatini: mimi, kompyuta ya polisi na Nyamisi

Habari za humu wakuu. Haya niliyafanya mwenyewe. Pale kumbukumbu inapokwama, nitasema imekwama. Shule yangu ni la saba na kozi ya typing, mnivumilie.

Miaka ya tisini, wakati wenzetu wanapunguzwa kazini, nilikuwaga mpiga chapa raia kwenye kituo kimoja cha polisi Musoma.

Ikaja kompyuta ya msaada. Kesi za mauaji za Musoma, Bunda na Butiama ziingizwe humo pamoja, ili tukio la huku likifanana na la kule lionekane.

Sasa, kwetu jalada lenye mtuhumiwa ndilo lilikuwa "hai". Lisilo na mtuhumiwa lilirudi kabatini. Afande, mkuu wangu pale kituoni, akasema nianze na yaliyo hai. Sikuuliza.

Nisimwonee. Umeme ulikuwa wa mgao na kazi zilimzidi. Ila vidole vilikuwa vyangu.

Kati ya yaliyobaki kabatini kulikuwa na mawili, la Bunda na la Butiama. Wanawake waliouawa wakitoka shambani, mikono imefungwa kwa uzi wa nyavu.

Kulikuwa na Nyamisi, binti wa Suguti, akituuzia sato pale kituoni. Alinitania sana: "Karani, hiyo kompyuta yako inasonga ugali?"

Akauawa njiani kwao. Uzi uleule.

Ndipo nikayatoa yote ya kabatini, nikayaingiza kwa siku nne. Kwenye yale matatu, la Nyamisi na yale mawili, kila moja lilikuwa na shahidi aliyemtaja mchuuzi wa dagaa mwenye baiskeli, hana dole gumba la kushoto. Wiki haikuisha, akakamatwa mnadani Bunda. Baadaye alifungwa.

Watu wakanipongeza. Nikaona nitakuwa mwongo nikinyamaza, nikaenda Suguti kwa mama yake. Alishapata habari kuwa nakuja, akaniandalia chakula. Nikamweleza yote.

"Na mwanangu alipokuwa anakuletea samaki," akauliza, "hizo karatasi zilikuwa kabatini?"

"Ndiyo, mama."

Akanisogezea sahani. Halafu akasema, "Kula, baba. Ugali unapoa."

Nikala. Nikamaliza.

Funzo langu: kesi isiyo na jina la mtuhumiwa ndiyo ya kuingiza kwanza. Huenda hata hivyo Nyamisi asingepona. Sijui.

Wakuu, hasa mliofiwa hivi, niambieni bila kunionea haya: nilipaswa kula, au kuondoka?