Mpiga Picha wa Macho

Mpiga picha wa macho hana neno baya kwa mtu, na hilo ndilo linalomtia shaka mama mshonaji. Katika utafiti wa dawa ya macho ambao mama amejiunga nao, wengine huchomwa dawa kwenye jicho la kushoto, wengine maji matupu, na hakuna anayeambiwa anachomwa kipi. Kijana huyo mpiga picha hufuta kiegemeo cha kidevu kwenye mashine kwa pamba, kisha husema kwa sauti ya kubembeleza, "Tazama nukta ya kijani, mama. Usipepese." Mwanga ukishapiga, hugeuzia kioo cha kompyuta upande wake kama mcheza karata.

"Kuna nini humo, mwanangu?"

"Macho yako, mama. Ulitaka ya jirani?"

"Nachomwa dawa au maji?"

"Hata mimi nimefichwa. Kweli tena."

Mama hucheka, lakini hamwamini. Leo kijana aliirudia picha ya jicho la kushoto mara mbili kwenye kioo. Siku zote humpa mkoba wake kutoka kushoto, uliko mlango. Leo alizunguka kiti chote, akampa kutoka kulia, taratibu, kama anayeogopa kumshtua. Mama akainua kiganja alizibe jicho la kulia, ajipime mwenyewe kama la kushoto bado linaona. Kiganja kikaishia shavuni; hakuthubutu.