Bi Mastura na Wapepetaji wa Ufuta

Mikindani nzima ilikijua kicheko cha Mastura binti Muhidini. Kilianzia tumboni, kikapanda kifuani, na kilipotoka mdomoni majirani wa uchochoro wa pili walitabasamu bila kujua wanachekea nini. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mwili na mwendo wake, aliyeachika mara mbili. Mwenyewe alisema waume zake wote wawili walikuwa watu wema, ila walipenda usingizi kuliko mazungumzo. Kwa miaka mingi aliongoza chama cha lelemama, ngoma ya wanawake, pale Mitengo, na harusi ambayo chama chake hakikualikwa ilihesabiwa nusu harusi.

Hiyo ilikuwa kazi ya furaha. Kazi ya riziki ilikuwa katika godauni la Bwana Damodari, mfanyabiashara wa Kihindi aliyezaliwa hapo hapo Mikindani. Malori yalileta ufuta kutoka Newala na Masasi, umechanganyika na mchanga, vijiti na makapi. Wanawake kama ishirini walikaa kwenye majamvi, kila mmoja na ungo wake, wakipepeta na kuchambua mpaka zikabaki punje tupu. Ufuta safi ulitiwa kwenye magunia, magunia yakashonwa kwa shazia, ile sindano kubwa, kisha yakapelekwa Mtwara, ambako meli kubwa zilikuwa zimeanza kufunga kwenye gati jipya. Ilikuwa mwaka wa hamsini na tano.

Nyapara wao, Bi Mwanaisha, alikuwa mwanamke mkavu asiyejua mzaha. Alitembea kati ya majamvi na njiti ya mnazi mkononi, akiigonga sakafu karibu na goti la yeyote aliyeinua kichwa. Msimu ule alihamia Lindi kwa bintiye, na Bwana Damodari akamwita Mastura kando.

"Kuanzia kesho, nyapara ni wewe."

"Mimi, Bwana? Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu ukiita, hata dereva wa lori anasimama."

Mastura alirudi nyumbani akiwa na furaha kama bibi harusi. Lakini alipoketi kula, furaha ikaanza kuingia wasiwasi. Unyapara aliouona maishani mwake ulikuwa wa namna moja tu, wa Bi Mwanaisha. Akajiambia kwamba nyapara anayecheka hataogopwa, na asiyeogopwa hatasikilizwa. Basi asubuhi akajifunga khanga kwa kukaza, akakunja uso, akaingia godauni bila kumsalimu mtu.

Wanawake wakatazamana. Hadija, mwenye mdomo mwepesi kuliko wote, akauliza, "Somo, unaumwa jino?"

"Siumwi jino. Pepeteni!"

Huyo Hadija ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuona upya wa mambo. Alizoea kusimulia tangu anapoketi hadi anapoinuka: leo mama mkwe kasema nini, wifi kaficha nini, kuku wa jirani kataga wapi. Mastura aliona maneno yale yanapoteza wakati. Akamhamisha, akamkalisha peke yake karibu na ukuta wa nyuma. Hadija akaketi huko kama mtu aliyefiwa. Kabla ya hapo ungo wake ulikwenda pamoja na ulimi wake. Ulimi ulipofungwa, mikono nayo ikalegea.

Kisha Mastura akamgeukia Ashura. Ashura alikuwa binti mpole, mwembamba, ambaye ungeweza kukaa naye kutwa nzima usisikie sauti yake. Lakini mikono yake ilikuwa na baraka. Ufuta uliotoka kwenye ungo wake ulikuwa safi kama uliooshwa. Mastura akaona hapa pana fimbo nzuri ya kuwachapia wengine.

"Mtazameni Ashura!" alitangaza kila mara. "Mnamwona Ashura? Kwani yeye ana mikono minne?"

Alidhani anamsifu. Ashura aliinamisha kichwa mpaka ushungi ukamfunika uso, na wenzake wakaanza kumwita "nyapara mdogo". Alipopita kuchota maji, walinyamaza. Aliporudi, walicheka.

Kazi ikapungua badala ya kuongezeka. Bwana Damodari, ambaye alikuwa na meli ya kuiwahi, akaja na dawa yake mwenyewe. Alisimama mlangoni na doti ya khanga mpya, nyekundu, ikinukia upya wa dukani.

"Kila wiki," akasema, "atakayepeleka madebe mengi kuliko wenzake, hii ni yake."

Macho yote yakaenda kwenye khanga ile. Kwa siku chache godauni lilivuma kama mzinga. Nyungo zilirushwa juu, vumbi likatanda, madebe yakapokezana mizanini. Bwana Damodari alisugua mikono kwa kuridhika. Mastura naye alijiona ameuweza unyapara.

Kumbe mambo yalikuwa yanaharibika chini kwa chini. Zamani aliyemaliza mapema alimsogelea aliyechelewa, wakamalizia pamoja. Sasa kila mtu alilificha jamvi lake kwa mgongo. Chekeche zuri likawa linagombewa. Na jambo la ajabu ni kwamba Ashura, ambaye wote walijua angeshinda bila kutoka jasho, akawa wa mwisho. Khanga ya kwanza ikachukuliwa na Mwajuma, mwanamke ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kusifiwa kwa lolote isipokuwa kupiga miayo. Hapo Mastura angepaswa kushtuka, lakini hakushtuka.

Aliyeshtuka ni mkaguzi wa Mtwara. Alichoma gunia moja, akachoma la pili, na kila mahali mchanga ukamiminika pamoja na ufuta. Lori lililoondoka Mikindani kwa fahari likarudi na mzigo ule ule, na dereva akautupa mlangoni bila maneno mengi. Bwana Damodari hakupiga kelele. Alisimama mbele ya magunia, akavua kofia, akaivaa tena.

"Meli haijaondoka," alimwambia Mastura. "Inapakia korosho kwanza. Ukiusafisha huu upya kabla ya Ijumaa, tutawahi. Usiposafika, sijui."

Na siku hiyo hiyo Ashura hakuja kazini.

Mastura alifunga godauni, akaenda moja kwa moja mpaka kwa akina Ashura. Njiani alipanga maneno makali. Alimkuta binti huyo uani, anachambua mchele wa nyumbani, taratibu, punje moja moja.

"Wewe mtoto, unaniacha leo? Leo?"

Ashura aliinuka, akamshika mkono kwa adabu. "Shikamoo, Bi Mastura. Karibu kitako."

"Marahaba. Sikuja kukaa. Umeacha kazi?"

Ashura akaketi tena. Kisha akasema kwa sauti ndogo, akitazama ungo, "Bi Mastura, kwenye ngoma hukunifanyia hivi."

"Ngoma gani tena?"

"Lelemama. Nilipoingia chamani ulitaka nisimame mstari wa mbele. Ukaniona natetemeka. Hukusema kitu. Ukanipa upatu nipige, ukanikalisha nyuma ya wapigaji, ukaniambia mkono wangu ndio utakaoshika mwendo wa ngoma nzima. Nikaupenda upatu ule mpaka leo. Sasa godauni unanisimamisha mbele kila siku, nami sina pa kujificha. Nilipunguza kasi ili nisiipate ile khanga. Ningeipata, nani angenisemesha?"

Mastura alikuwa amesema hakuja kukaa, lakini akakaa, tena chini, mchangani. Akakumbuka chama chake cha lelemama. Kule hakuwahi kugonga sakafu kwa njiti. Alijua kwamba Fulani asipowekwa mbele atanuna wiki nzima, kwamba Fulani mwingine anakuja kwa ajili ya pilau na apewe jiko, kwamba wengine wanakuja ili watoke tu nyumbani kwao. Alijua haya yote na akayaacha mlangoni mwa godauni, kama mtu avuavyo viatu.

"Mwanangu," akasema, "nimekuumiza nikidhani nakupamba. Njoo kesho. Sitakutaja jina."

Asubuhi wanawake waliingia wakitembea kwa kunyata, wakingoja tufani. Walimkuta nyapara wao amesimama juu ya magunia yaliyorudi. Uso haukukunjwa.

"Sitaki kujua nani alitia mchanga," alisema. "Ninachotaka ni..."

"Mimi nilitia," akadakia Mariamu.

Mariamu alikuwa mama mtu mzima kutoka Naliendele, Mmakonde mwenye chale usoni, ambaye hakujifunza kuzungusha maneno. "Nilitia chini ya debe. Khanga ile niliitaka. Yangu hii hapa, tazameni, imetoboka makalioni."

Akageuka ili waione. Halafu sauti nyingine ikasema, "Na mimi nilitia kidogo." "Na mimi." "Mimi nilidhani natia peke yangu!" Mwajuma, aliyekuwa amevaa khanga ya ushindi, akajaribu kuifunika kwa buibui, lakini buibui lilikuwa fupi.

Hapo Mastura akashindwa. Kile kicheko kilichofungiwa tangu apewe unyapara kikapasuka kutoka tumboni, kikagonga mabati ya paa, na godauni zima likacheka naye, watu wakishikana mabega, machozi yakiwatoka. Bwana Damodari alichungulia mlangoni akidhani wanalia.

Walipotulia, Mastura aliwaambia waketi wanapopenda, na wale wawapendao. Yeye mwenyewe akamtoa Hadija ukutani, akamkalisha katikati.

"Lile sakata la wifi yako na sufuria liliishia wapi?"

"Nisimulie? Kweli?"

"Simulia. Lakini ungo ukisimama, na hadithi inasimama."

Hadija akaanza. Alikuwa na mama mkwe mmoja na mawifi watatu katika nyumba ya vyumba viwili, na godauni ndilo lilikuwa mahali pekee duniani ambapo aliweza kumaliza sentensi bila kukatizwa. Alisimulia kwa raha, na mikono yake ikaamka. Kila hadithi ilipofika mahali patamu, nyungo zote zilikwenda mbio kana kwamba wifi angewakimbia.

Mariamu aliomba jambo moja: akimaliza fungu lake aruhusiwe kwenda shambani kwake, maana nguruwe walikuwa wanamalizia mihogo. Mastura akakubali. Hakuna aliyepata kumwona mama yule akifanya kazi kwa kasi ya namna ile.

Ashura alikuja akachagua pembe karibu na mlango wa nyuma. Mastura alimfuata huko, akainama ili wengine wasisikie.

"Kila debe litapita kwako kabla halijaingia gunia. Ukisema safi, tunashona. Ukisema bado, linarudi. Sitakuuliza kwa nini."

Debe la kwanza lilipofika, Ashura akachota ufuta kiganjani, akaupuliza, akautazama kwenye mwanga, akatikisa kichwa. Debe likarudi. Lilikuwa la Mastura mwenyewe, kwa maana naye aliketi kupepeta siku hiyo.

"Haya, nyapara amerudishiwa!" Hadija akapaza sauti, na godauni likaangua kicheko tena, lakini safari hii hakuna aliyemcheka Ashura. Binti alijikaza, kisha pembe ya mdomo wake ikainuka.

Mwajuma ndiye aliyebaki Mwajuma. Mastura alimjaribu kwa maneno matamu, kwa kumkalisha karibu na wachapakazi, kwa kumpa kazi ya kushona, kwa kumpa kazi ya kugawa maji. Popote alipopelekwa, usingizi ulimfuata kama paka wa nyumbani. Mwishowe Mastura alimwacha kwenye maji, kwa sababu angalau alikuwa mpole na hakumwaga. Si kila kufuli lina ufunguo, alisema.

Alhamisi jioni gunia la mwisho lilishonwa. Lori likaenda Mtwara, na mkaguzi akachoma hapa na pale, akatafuta mchanga asiuone. Dereva aliporudi na habari hiyo, vigelegele vilisikika mpaka sokoni.

Bwana Damodari alikuja na khanga nyingine mkononi. "Mpe aliyefanya kazi kuliko wote," alimwambia Mastura.

"Bwana wangu, ukinipa hiyo moja, kesho utapata mchanga tena. Tupe sote sare, hata kama ni za bei ndogo, au usitupe kabisa."

Mfanyabiashara akahesabu vichwa kwa macho, akaguna. Lakini Idi ilipofika, wapepetaji wa godauni lake walipita barabarani wakiwa katika khanga za rangi moja, Ashura akipiga upatu nyuma yao, na Bwana Damodari aliwaambia wageni wake kwenye baraza kwamba wazo lilikuwa lake.

Miaka miwili baadaye alifungua godauni jingine Mtwara, karibu na reli, akamtaka Mastura akalianzishe. Mastura alimwendea Ashura kwanza, akamwambia achukue unyapara wa Mikindani. Ashura akatikisa kichwa vile vile alivyotikisa kwa madebe machafu.

"Niachie magunia yangu, Bi Mastura. Mpe Hadija. Yeye anawapenda watu wote kwa pamoja. Mimi nawapenda mmoja mmoja."

Basi unyapara ukamwangukia Hadija, ambaye kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikosa la kusema, japo si kwa muda mrefu. Mastura akapanga chumba Magomeni, akanunua jamvi jipya, akaajiri wanawake wasiojuana, Wamakua, Wayao na Wamakonde. Wiki ya kwanza hakuwakemea wala kuwasifu. Aliketi kati yao, akapepeta, akawasikiliza wanavyozungumza. Siku ya Jumamosi mmoja wao akasema neno la kuchekesha kuhusu mumewe, kicheko cha Mastura kikapasuka, wote wakamfuata, na watu waliokuwa wakipita relini wakasimama, wakauliza kuna harusi gani humo ndani.