Waya wa Darsa la Bibi

Tulipomleta bibi kutoka Vihingo baada ya kuvunjika nyonga, alichokikosa zaidi hapa Misugusugu ni darsa la msikitini kwao. Vijana wa msikiti walikuwa wanalirusha mtandaoni, lakini amplifaya yetu ya sebuleni ilikamata waifai kwa shida, maneno yakatoka nusunusu. Nikaamua kuiunganisha na ruta kwa waya, kazi niliyojifundisha mwenyewe kwenye simu.

Mimi nikiona kitu kimepinda silali. Niliupigilia waya ukutani, nikaunyoosha kama rula, na kwenye kona nikaukunja mpaka ukalala kabisa. Amplifaya ikaonyesha hakuna mtandao. Nikabadilisha vichwa vya waya haraka, maana darsa lilikuwa linakaribia kuanza. Bado hakuna.

“Mume wangu,” bibi akanitania, “unafunga redio au unapamba ukumbi wa harusi?”

Nikaitazama ile kona. Kwa kuukunja waya vile, nyuzi za ndani nilikuwa nimezikata mwenyewe kwa kutaka unadhifu. Nikachukua waya mwingine, nikaupitisha sakafuni katikati ya sebule, umejiviringa ovyo kama utumbo. Sauti ya shehe ikatoka bila kukatika. Bibi akavuta kanga kichwani, akaniambia nisogee, nimeziba spika.