Mama Alipokaa Eda Hotelini

Baba alifia hospitali ya Kisangani. Habari zilimkuta mama chumbani, katika hoteli ndogo ya mtaa wa Tshopo tuliyofikia, na kwa hiyo eda aliianza humo humo. Baada ya mazishi mwalimu wa msikitini alikuja, akasimama uani, akamwambia kupitia dirisha lililofungwa kwamba mjane hukaa pale habari za kifo zilipomkuta, na kwamba chumba cha kupanga nacho ni nyumba. Mama akajibu kutoka ndani, "Nimesikia, mwalimu."

Kwetu Kindu angekuwa na dada zake na mashangazi. Ili kufika hapa tulikuwa tumepanda meli mpaka Ponthierville, halafu treni, halafu kivuko, baba akiwa amelazwa juu ya mizigo. Sasa mama alibaki na mimi peke yangu, na mimi si msemaji.

Nasema hoteli kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa ukutani. Vyumba vilizunguka ua mmoja wenye bomba la maji katikati. Wageni wengi walikuwa watu wa mto kutoka Isangi na Yanonge. Walileta samaki wakavu na mafuta ya mawese, wakakaa mpaka mzigo uishe. Watu hao hawafungi mlango mchana. Wanapika uani, wananyoana uani, wanagombana na wake zao uani. Kwao, anayejifungia mchana ni mgonjwa, au ana kitu anaficha.

Mama alifunga mlango na dirisha. Alivaa nguo nyeupe na kuongea kwa sauti ya chini ili wanaume wasimsikie. Mimi nilimwingizia maji na chakula, nikamtolea ndoo mapema kabla ya wengine kuamka. Saa nyingine zote nilikaa kwenye kigoda mbele ya mlango. Mtu akiuliza habari zake nilisema, "Amepumzika." Nilisema hivyo kwa sababu lilikuwa jibu fupi. Lakini mtu hapumziki siku zote hizo.

Muuza samaki mmoja, ambaye chumba chake kilishikana na chetu, alianza kwa mzaha.

"Mutoto, mama yako iko banki? Asubui mulango inafungwa, mangaribi inafungwa."

Waliokuwa bombani walicheka. Mimi pia nikacheka kidogo, ili yaishe.

"Na ule papa alikufa na nini?"

Nikasema baba alikufa kwa homa. Ukweli ni kwamba sikujua. Hospitalini hawakututajia jina la ugonjwa, walituambia tu tulete watu wa kumbeba.

Muuza samaki hakucheka tena. Siku ile ile alihamisha samaki zake upande wa pili wa ua, na wa chumba kilichofuata naye akahama.

Mwenye hoteli alikuwa Mkristo wa Yanonge, mzee mnene na mpole. Siku ya msiba alituletea mkeka bila kuombwa. Sasa alikuja akaketi chini karibu na kigoda changu.

"Mutoto yangu, wageni wanaogopa. Wanasema mama amepata ugonjwa ya ule papa. Fungua, niangalie kidogo."

"Papa, mwanaume hawezi kumwona. Ni sheria yetu. Na chumba tumelipa."

"Mulilipa kulala. Mulango hamukulipa." Alisema bila hasira, kama mtu anayemfundisha mtoto hesabu. "Mimi niko na ufunguo ingine. Lakini sipende nguvu. Ongea na mama."

Niliongea na mama. Akasema mke wa mwenye hoteli aje. Yule mama alikuja, akaingia, akakaa naye muda mrefu. Alipotoka aliwaambia watu wote waliokuwa uani, "Hana kitu. Iko analia bwana yake tu."

Nilidhani yameisha. Muuza samaki akasema, "Bibi ya mwenye hoteli, atasema hoteli yake iko na ugonjwa?" Wenzake wakaona amesema kweli. Wawili walifunga mizigo. Ndipo mwenye hoteli alipokwenda kumwita muuguzi wa serikali.

Alifika mchana wa kesho yake, kijana wa Kikongo, si Mzungu, katika kaki safi, mmoja wa wale wanaopita vijijini kubonyeza watu shingo kutafuta ugonjwa wa malale. Nilisimama mbele ya mlango.

"Daktari, apimwe na mwanamke. Masista wako hospitalini."

"Masista iko na kazi yao."

"Basi tusubiri wamalize. Mimi nitakwenda kuwaita mwenyewe."

Aliniangalia vizuri. "Umesoma?"

"Mpaka mwaka wa sita."

"Alors, unajua kuambukiza ni nini."

Nilijua.

Mwenye hoteli alipitisha mkono wake juu ya bega langu na kutia ufunguo kwenye kitasa. "Hodi, mama," akasema, mlango ukiwa umekwisha kufunguka.

Ua wote ulikuwa nyuma yetu. Niliwaomba watu wasogee. Walirudi nyuma kidogo, wakanyoosha shingo.

Mama alikuwa ameugeukia ukuta, amejifunika kichwa. Muuguzi alivuta nguo mpaka mabegani, akambonyeza shingo huku na huku, polepole, kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Alimfungua macho kwa kidole gumba. Alimwambia atoe ulimi, naye akautoa.

"Hana kitu," muuguzi akasema kwa sauti kubwa, ili nje wasikie. "Munasumbua watu bure." Alipopita karibu yangu akaongeza chini chini, "Pole, mutoto. Ni kazi."

Muuza samaki alirudisha samaki zake mahali pake. Alituletea mmoja mkubwa, akasema mama asikasirike. Nilimpokea samaki huyo kwa kuwa sikujua namna ya kukataa. Mama hakumla.

Aliomba maji, akanawa shingo, akaomba mengine. Mimi nilifunga mlango, nikasukuma sanduku letu kuuzuia kwa ndani.

"Toa hilo sanduku," mama akasema. "Fungua mlango."

"Na eda, mama?"

"Nikifunga watasema tena naficha kitu, na yule mtu atarudi. Wakiniona kila siku hawatakuwa na sababu ya kunishika."

Nilimwambia kwamba mwalimu hawezi kumhesabia dhambi kwa jambo alilofanyiwa kwa nguvu.

"Sijasema nina dhambi. Nasema sitaki kushikwa."

Nikaondoa sanduku, nikafungua mlango. Mama alivuta mkeka wake mpaka mahali mwanga ulipofika, akakaa akiutazama ua, na shingo akaiacha wazi. Upande wa mto walikuwa wakipasua mawe kwa baruti ili kujenga bwawa la umeme, na kila mlio ulitikisa bati la paa. Hakugeuza kichwa. Siku za kwanza wanaume waliopita walimsalimu, naye hakuwajibu, wakaacha. Miezi yote iliyobaki ya eda aliimaliza hivyo, na kila aliyekwenda bombani alimwona.