Marlys Haugen na pekani za Mtaa wa Hadley

Saa moja asubuhi lori la majani linanguruma nje ya karakana ya jiji la Tolliver, Georgia, na Marlys Haugen ameshavaa glavu zake. Ukungu bado umelalia upande wa chuo kikuu. Redio ya lori inakoroma, kisha sauti ya msimamizi wao, Royce Tutwiler, inatoka: "Gari namba nne, nani yumo humo?"

Marlys anashika kifua. "Ndiyo leo," anasema.

"Gari namba nne, mmesahau kusaini mafuta," sauti inaendelea.

Dereva, Cleophus Battle, anacheka mpaka anafuta machozi. "Bi Marlys, utakufa kwa presha kabla hawajakufukuza! Mtu anauliza mafuta, wewe unaaga dunia."

"Cheka tu, Cleo. Wewe yako yameshakaa sawa, una miaka thelathini humu."

"Ishirini na tisa. Usinizeeshe bure."

Ndivyo alivyo Marlys kwa wiki mbili sasa. Simu ikilia, anaruka. Mtu wa ofisini akimwita kwa jina, anahisi barua ya kuachishwa kazi imeshachapwa. Na leo hofu imezidi, kwa sababu leo lori linarudi Mtaa wa Hadley, anakoishi Bi Odessa Pinkney.

Marlys ana umri wa miaka hamsini na sita. Alihamia hapa mwezi Juni akitoka kaskazini ya Minnesota, kwenye baridi ya kupasua mabomba ya maji. Alimfuata binti yake, Kirsten, anayefanya kazi maabara ya chuo na ambaye ndiyo kwanza amejifungua. Kule kwao Marlys aliendesha gari la kukwangua theluji barabarani. Tolliver theluji hakuna, ila majani yapo ya kumwaga, na jiji likamchukua kwenye kikosi cha majani kwa dola kumi na saba kwa saa, kwa muda wa majaribio.

Majaribio yanakwisha katikati ya Desemba. Akipita, anaajiriwa moja kwa moja na kupata bima. Asipopita, arudi alikotoka, maana hawezi kulala kwenye kochi la binti yake mpaka mjukuu aanze shule.

"Nyumba yangu nimeshauza," anasema. "Nikirudi, narudi kwa dada yangu. Mimi na dada yangu hatuwezi kukaa chini ya paa moja hata sikukuu ya Krismasi. Tulishajaribu, tukagombana kwa ajili ya kisu cha mkate."

Kazi yenyewe si ngumu kuielewa. Wenye nyumba wanakusanya majani kwa reki na kuyarundika ukingoni mwa barabara. Lori linapita, bomba nene kama shina la mgomba linayafyonza, na feni iliyo ndani inayasaga mpaka yanakuwa makapi. Sheria ni moja, na Tutwiler anaisoma kila Jumatatu kana kwamba ni mara ya kwanza: chukua kilicho ukingoni, usiguse kilicho ndani ya ua wa mtu.

La ajabu ni kwamba mwanamke huyu mwenye hofu zake zote anaipenda vuli ya hapa, majira ya majani kupukutika, kuliko sisi tulioizoea. Septemba alikata tamaa. Joto lilikuwa la jikoni, wanafunzi wanatembea na kandambili, yeye anatazama miti ikiwa ya kijani kibichi na kumlaumu binti yake. "Nilimwambia, mmenileta mahali pasipo na vuli," anasema. Kisha mwishoni mwa Oktoba upepo ukageuka usiku mmoja tu. Asubuhi yake miti ya barabara ya chuo ilikuwa imeanza kuwa myekundu, na Marlys akashusha kioo cha lori na kutoa kichwa nje.

"Alitoa kichwa nje mpaka taa za barabarani za tatu!" anasema Cleo. "Nikamwambia, Bi Marlys, rudisha kichwa, hiki kichwa ni cha serikali mpaka saa tisa."

Tangu hapo anaiishi vuli yote. Jioni anakaa ngazini kwa binti yake na mtoto kifuani, akisikiliza ngoma za bendi ya chuo zikifanya mazoezi. Karanga za kuchemsha, ambazo mara ya kwanza alizitema kwenye leso mbele ya muuzaji, sasa ananunua mfuko wa moto na kuumaliza kabla hajafika nyumbani.

"Kwetu vuli ni wiki tatu, halafu unafukiwa na theluji," anasema. "Hapa inakaa, inakaa. Naogopa kuizoea nikanyang'anywa." Uso uliokuwa umefunguka unajifunga tena, na anaitazama redio.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe. Wiki mbili zilizopita, mchana wa Alhamisi, Cleo aliegesha lori Mtaa wa Hadley akaenda kununua kuku wa kukaanga. Marlys akabaki. Mbele yake ulikuwa ua wa Bi Odessa, mjane wa miaka themanini na mitatu, aliyekuwa amekwenda kwa msusi siku ile. Majani yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, na ukingoni hapakuwa na rundo lolote.

Marlys akaona huruma. Kijijini kwao mzee asiyeweza kushika reki, majirani humkusanyia majani, tena bila kumwambia. Akachukua reki ya lori, akaingia. Alikwangua ua mzima mpaka ukabaki mweupe, akavuta yote mpaka ukingoni, akawasha bomba.

"Nilisikia kitu kinagonga ndani ya bomba, kama mvua ya mawe kwenye bati," anasema. "Nikadhani ni vijiti."

Jamani, vijiti! Juu ya kichwa chake ulikuwa umesimama mpekani mkubwa kuliko yote ya mtaa huo, na chini ya majani zilikuwa zimelala pekani za msimu mzima, njugu zile za ganda la kahawia zilizokuwa zikingoja siku kavu ziokotwe. Kila anayekaa hapa anajua kwamba hayo majani hayaguswi mpaka mwenyewe amalize kuokota. Na kila anayekaa Mtaa wa Hadley anajua kwamba pekani zile ndizo pai za sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Bi Odessa, aliyepika kwenye mabweni ya chuo mpaka alipostaafu, huoka pai moja kwa kila nyumba ya mtaa.

Cleo aliporudi, alisimama na mfuko wake wa kuku akautazama ua. "Bi Marlys," akasema, "umefanya nini?" Kisha akavua kofia.

Walifungua mlango wa nyuma wa lori wakachakura kwa mikono. Feni ilikuwa imeshasaga kila kitu. Kilichopatikana kilikuwa unga na vipande vya maganda.

Hapo ndipo Bi Odessa aliposhuka kwenye gari la mpwa wake, nywele zikiwa zimetengenezwa vizuri. Aliutazama ua. Akamtazama Marlys. Akasema kwa sauti laini kabisa, "Asante sana, mpenzi. Umejisumbua kweli." Akaingia ndani na kufunga mlango polepole.

Kama angetukanwa, Marlys anasema, angelala usingizi. Lakini hakuna aliyemtukana. Mtaa mzima ulijua kabla ya jua kuzama, na mtaa mzima ukaendelea kumpungia mkono. Jirani wa mkabala alimletea chai baridi ya sukari akamuuliza mjukuu anaendeleaje. "Kwetu mtu akikukasirikia ananyamaza, unajua moja," anasema Marlys. "Hapa wanakuchekea. Nitajuaje kama Bi Odessa amepiga simu ofisini? Akipiga simu moja tu, nimekwisha. Niliingia ndani ya ua wa mtu, siwezi kusema sikuingia."

Alifikiria kwenda mwenyewe kwa Tutwiler kujisema. Alifika mlangoni mara mbili, akageuka mara mbili.

Saa nne na kitu lori linakunja kuingia Mtaa wa Hadley. Marlys anavuta kofia chini. Bi Odessa yuko barazani, amejifunika shali, na haonekani kama mtu aliyetoka kuota jua.

"Wewe mwanamke wa majani!" anaita. "Zima hiyo mashine yako, uje hapa."

"Mimi simo," anasema Cleo, na ghafla anaanza kukagua vioo vya lori.

Marlys anafika getini anasimama. "Naomba kuingia, mama."

"Siku ile uliomba?"

"Hapana, mama."

"Basi ingia, leo umeomba." Bi Odessa anamngoja afike ngazini. "Unajua kama nimekasirika?"

"Sijui, mama. Ulinishukuru."

"Nilikushukuru kwa sababu nimelelewa. Kukasirika ni habari nyingine." Anajivutia shali. "Nimekasirika sana. Nilikaa jikoni kwangu nikalia, mimi na umri huu, nalilia njugu. Nikajiambia, Odessa, umepata wazimu. Nikaendelea kulia."

Marlys anavua kofia. "Nisamehe, mama. Nilifikiri nakusaidia. Nitakununulia pekani, zozote utakazo, leo hii naenda dukani."

"Za dukani!"

Mkabala, jirani aliyekuwa akijifanya anamwagilia maua anaangua kicheko na kumwagia viatu vyake maji.

"Mtu anayetaka pai ya pekani za dukani akainunue hukohuko dukani," anasema Bi Odessa. "Jumamosi ni mechi. Ikianza, uje kwenye uwanja wa zamani wa chuo na ndoo mbili. Mgongo wako mzima?"

"Mzima kiasi, mama."

"Tutauona."

Marlys anarudi kwenye lori. Cleo hawezi kungoja. "Haya, amepiga simu ofisini au hajapiga?"

"Sikumuuliza."

"Bi Marlys! Sasa pale ulikwenda kufanya nini?"

Jumamosi mchana Tolliver nzima imevaa kijani cha timu ya chuo na kumezwa na uwanja wa mpira. Barabarani hakuna gari. Ndiyo saa ambayo wasio na tiketi huenda kwenye uwanja wa zamani wa chuo, ambako pekani ni za yeyote mwenye mgongo wa kuinama, na wanafunzi hawapo kuzikanyaga. Wapo kama kumi, wengi wazee, kila mmoja na mti wake.

Bi Odessa ana kikapu cha waya chenye mpini mrefu, anakisukuma juu ya nyasi. Marlys anaokota kwa mikono, magoti yakiwa yamejaa udongo. Jua la Novemba linapenya kwenye matawi, nyasi zina joto kidogo, na kutoka mbali, kwenye mechi, unakuja mlio wa maelfu ya watu.

"Hiyo ni yetu," anasema Bi Odessa bila kuinua kichwa. Baada ya muda kimya kinaanguka. "Hiyo ni yao. Sikia walivyofiwa."

Marlys anacheka. Anakiri kwamba hajapata kuwa na siku nzuri kama hii tangu ahamie. Na kwa kuwa anaipenda, hofu inamrudia palepale. Anakaa chini, anaweka ndoo pembeni.

"Mama, naomba nikuulize. Ulipiga simu ofisini?"

"Nilipiga."

Rangi inamtoka Marlys.

"Nilipiga siku ileile, hata koti sijavua," anasema Bi Odessa. "Royce, huyo bosi wenu, namjua tangu anakojoa kitandani. Nilimsomea yote. Asubuhi yake nikapiga tena. Nikamwambia, huyo mwanamke usimfukuze, maana ukimfukuza deni langu atalipa nani?"

"Akasemaje?"

"Akasema atafikiria. Royce ni mtu wa kufikiria."

Kumbe wiki mbili zote Tutwiler alikuwa anajua, na kila Jumatatu alimsomea sheria yake akimtazama usoni. Marlys anashika kichwa. Hajui acheke au alie, na anafanya yote mawili kidogo. Kisha anajifuta na kuanza kuokota kwa kasi, kama mtu aliyepewa nafasi ya kulipa.

"Mwakani, mama, nitasimama getini kwako mwenyewe. Hakuna atakayegusa hata jani."

"Mwakani hakuna cha kulinda," anasema Bi Odessa. "Mti wangu hauzai kila mwaka. Unazaa, unapumzika. Mwaka jana ulipumzika, huu ndio ulikuwa mwaka wake. Utazaa tena mwaka ule mwingine, baada ya mwakani."

Marlys anaacha kuokota. Anamtazama yule mzee, shali, mikono inayotetemeka kwenye mpini. Anapiga hesabu, themanini na mitatu na miwili zaidi, na hesabu inaonekana usoni.

"Kumbe sikukuchukulia mwaka mmoja tu, nimekuchukulia miwili," anasema taratibu. "Sikujua, mama. Haki ya Mungu sikujua."

"Najua hukujua. Ungejua ningekupiga na hiki kikapu."

Mwandishi anamuuliza Marlys ana mpango gani, Desemba ikija na jibu baya. Anasema ameshaulizia kazi ya kuosha vyombo kwenye mabweni ya chuo. Malipo ni madogo na bima hakuna. Kwa dada yake harudi tena.

"Nataka kuwa hapa vuli ya mwaka ule mwingine," anasema. "Kwa kazi hii au kwa nyingine. Mti ule ukizaa, nataka kuwepo."

Bi Odessa anasimamisha kikapu, akisikiliza kelele za uwanjani, au pengine hasikilizi kitu.

"Na mimi nataka hivyohivyo, mwanangu," anasema. "Haya, inama. Upande ule hatujaumaliza."